Nyanda za Kajiado zina wenyewe, Mwalimu

Shangazi,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, naishi Kitengela. Nilipopata mkupuo wangu wa kustaafu nilinunua Hiace iliyokuwa matatu. Fundi mmoja wa Athi River aling'oa viti, akaweka kitanda, kabati, meko na paneli ya sola juu ya paa. Nataka mimi na mke wangu tuzunguke Kenya mwaka mzima, na tukiona raha tuendelee. Kwenye simu nimewaona wazee wa Marekani wakiishi jangwani miezi mingi ndani ya magari yao bila kulipa kodi. Sisi wenye nyanda zote hizi za Kajiado tunashindwaje? Lakini nilipopiga hesabu ya kulala Amboseli nilishtuka. Pensheni yangu ya mwezi haimalizi hata wiki mbili. Kijana wetu anasema wazazi wake kulala ndani ya matatu ni aibu, afadhali gari lirudi barabarani lilete pesa. Mke wangu hasemi mengi, ila juzi aliniuliza choo kitakuwa wapi. Nyumba yetu imeshapata mpangaji, ataingia mwezi ujao. Nieleze, tutapata wapi mahali nafuu pa kupiga kambi kwa muda mrefu?

Mwalimu Mstaafu, Kitengela

Mwalimu, hongera kwa kumaliza kazi ukiwa bado na hamu ya kuiona nchi yako. Mambo ya kambi nitayafikia. Lakini katika barua yako yote, swali lililonigusa zaidi ni la mkeo.

Mama anayeuliza choo kitakuwa wapi hajaikataa safari. Ameshaanza kuisafiri kichwani, naye amefika mahali ambapo wewe hujafika: saa nane za usiku, mvua inanyesha, magoti yanauma, na nje ni kichaka asichokijua. Wewe umenieleza kitanda, kabati na sola. Yeye hujaniambia anapenda kwenda wapi, wala chama chake, kanisa lake na dawa zake, kama anazo, vitakwendaje mkiwa barabarani. Sidhani umemuuliza. Muulize wiki hii, kabla mpangaji hajaingia, na jibu lake liwe na uwezo wa kubadilisha ratiba. Choo kidogo cha kubeba chenye kemikali kinaingia vizuri chini ya kitanda, na pazia zito la kugawa gari halimshindi fundi wako. Hayo yafanywe kwanza.

Sasa wale wazee wa Marekani. Huko majangwani, sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya serikali kuu, na sheria inamruhusu mtu kupiga kambi bila malipo, kwa kawaida siku zisizozidi 14 kabla ya kuhama. Kuna maeneo mengine, kama Quartzsite katika jimbo la Arizona, ambako kibali cha dola 180 kimekuwa kikimruhusu mtu kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Ni mpango mzuri, lakini unawezekana kwa sababu ile ardhi ni ya umma.

Kajiado si hivyo. Uwanda unaouona mtupu ukitoka Isinya kwenda Il Bissil, hata usipokuwa na ua, una mwenyewe. Huku ranchi za vikundi zilianzishwa chini ya sheria ya mwaka 1968, na nyingi zimegawanywa kwa wanachama. Hapo Kitengela mgawanyo ulifanyika miaka ya 1980, ndiyo maana leo umezungukwa na ploti. Zilizobaki za pamoja ziko chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kwa hiyo ukiegesha gari chini ya mgunga na kuwasha meko, umeingia kwenye malisho ya mtu, pengine aliyoyatunza kwa ajili ya ndama wake wakati wa kiangazi. Atakuja kukuuliza, na ana haki. Mtafute yeye kwanza, au mzee wa kijiji, au naibu wa chifu. Sema mtakaa siku ngapi, mtalipa nini, moto mtauwasha wapi. Ukianza hivyo utapata mwenyeji, na mwenyeji ndiye usalama wenu.

Amboseli ilikushtua kwa sababu ndani ya mbuga za kitaifa unalipa mara kadhaa: kiingilio cha kila mtu, ambacho tiketi yake ni ya saa 24, halafu gari, halafu kambi yenyewe. Kila kukicha hesabu inaanza upya. Kwa mtu wa likizo ya siku mbili si neno. Kwa mtu anayeishi barabarani ni maangamizi. Laleni nje ya geti. Upande wa Kimana kuna kambi za watu binafsi na za jamii, ndovu hupita, na Kilimanjaro mtauona alfajiri bila tiketi. Kisha chagueni siku moja tu ya kuingia mbugani, muingie asubuhi na mapema. Viwango hubadilika, basi vitazame kwenye eCitizen kabla ya kuondoka; malipo hufanyika huko, fedha taslimu getini hazitakusaidia. Na kwa sababu huko kuna ndovu na simba, msilale popote pasipo na mwenyeji anayejua njia zao.

Lakini kinachomaliza pensheni ya msafiri, Mwalimu, mara nyingi ni mafuta kuliko kambi. Tuseme Hiace yako inakwenda kilomita kumi kwa lita. Kitengela hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 450, yaani lita 45 na ushee, kwenda tu. Anayehama kila baada ya siku mbili atakuwa amekwisha kufikia mwezi wa tatu. Fanyeni kinyume chake: vituo vichache, kila kimoja wiki tatu au nne, na kila mahali uliza bei ya mwezi badala ya bei ya usiku. Wenye kambi wengi hawaitangazi kwa sababu wageni wao ni wa wikendi. Nenda siku ya Jumatatu, wakati uwanja ni mtupu, uzungumze na mwenyewe. Fisherman's Camp kule Naivasha na Twiga Lodge kule Tiwi ni majina ambayo wasafiri wa magari wameyazoea kwa miaka mingi. Pigeni simu kwanza, mjue hali ya maji ya ziwa na msimu wa wageni.

Nawe una kitu ambacho wale wa Marekani hawana. Umefundisha miaka yote hiyo. Walimu uliosoma nao chuoni na uliofanya nao kazi wametawanyika nchi nzima, na baadhi yao leo ni wakuu wa shule. Shule ya bweni wakati wa likizo, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, ina ua, tangi la maji, vyoo na mlinzi wa usiku, na uwanja uko mtupu. Andika barua rasmi kwa mwalimu mkuu, bodi ya shule ijue, ulipe kitu kidogo kinachoandikiwa risiti. Hata viwanja vya parokia na misheni huwapokea wageni kwa utaratibu wa namna hiyo. Naona hapa ndipo ulipo mwaka wako wa bei nafuu, kuliko kwenye orodha yoyote ya kambi.

Safari ya kwanza iwe ya karibu. Kutoka Kitengela shikeni barabara ya Isinya hadi Kiserian, msiingie Nairobi kabisa, kisha mteremke Corner Baridi mkishuka Bonde la Ufa hadi Olorgesailie. Eneo hilo ni la Makumbusho ya Kitaifa, lina mahali pa kupiga hema na vibanda vya kulala, na mashoka ya mawe ambayo wanaakiolojia akina Leakey walianza kuyachimbua miaka ya 1940 yangali yametandazwa pale pale chini. Mkeo akichoka na gari, atalala kibandani. Bebeni maji mengi, joto la huko si la Kitengela. Kituo cha pili kiwe Loitokitok: kuna baridi nzuri, hospitali ya serikali, na mboga za mashamba ya Kimana kwa bei ya shambani. Machi hadi Mei msitoke kwenye lami, maana ule udongo mweusi wa nyanda zetu ukilowa hautaiachia Hiace.

Kabla ya yote, shughulikia logbuku. Kama bado inasema gari ni la abiria 14 na viti umeng'oa, lipelekeni ukaguzi NTSA muibadilishe, na bima iandikwe upya kulingana na gari lilivyo sasa. Msipofanya hivyo mkapata ajali, kampuni inaweza kukataa kulipa. Futa na ule mstari wa manjano, vinginevyo kila kizuizi cha polisi barabara ya Namanga kitakuuliza abiria wako wako wapi.

Nyumba usiipangishe kwanza. Mwambie mpangaji asubiri miezi mitatu, na akikataa, mwache aende. Mkeo anahitaji kujua kwamba akisema turudi, kuna mlango wa kufungua. Baada ya hiyo miezi mitatu mtakaa tena mezani, na kama yeye ndiye atakayesema twende tena, hapo mtafute mpangaji.

Kijana wenu mpe heshima yake, lakini gari si lake na miaka hii si yake. Aibu anayoisema naisikia kama hofu kwamba mtaugua mahali asipoweza kuwafikia. Mpeni jina na nambari ya kila mwenyeji kabla ya kuondoka kituo kimoja kwenda kingine, na mhakikishe nyote wawili mmesajiliwa kwenye bima ya afya ya SHA na michango imelipwa. Halafu mwalikeni Olorgesailie wikendi moja na wajukuu, alale usiku mmoja ndani ya hiyo matatu.

Shangazi