Maoni Yako Ni Ushahidi



Leo tuitafakari amri ya nane kupitia jambo tunalofanya kila siku: kutoa maoni kuhusu simu, bando na huduma za kutuma pesa. Wengi tukisikia habari ya ushahidi wa uongo tunawaza mahakama. Mimi naiona amri hii hata kwenye grupu la WhatsApp.

Chukua mfano wa hapa kwetu Ifakara. Kijana yuko mjini, baba yake yuko Mlimba anasubiri hela ya palizi ya mpunga. Kijana anampa wakala hela, meseji haiji. Hapo hapo anaandika kwenye grupu: "Yule dada wa stendi mwizi, msiende kwake." Jioni mtandao unatulia na hela inafika. Je, nani anarudi kwenye grupu kusema imefika? Yule dada anaishi kwa kamisheni ya miamala. Wateja wakimkimbia, watoto wake watakula nini? Na kijana hakukusudia kudanganya. Alisema tu kabla ya kujua.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatuonya juu ya hukumu ya haraka, yaani kuamini kosa la jirani bila msingi wa kutosha. Namba 2487 inaongeza kwamba aliyekosea dhidi ya ukweli ana wajibu wa kurekebisha. Kwa hiyo, kama uliandika kwenye grupu, sahihisha kwenye grupu hilo hilo, siyo kimya kimya inbox.

Basi tukionewa tunyamaze? Hapana! Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, watu walilalamika wakitaja makato waliyoyaona kwenye simu zao. Septemba mwaka huo huo serikali ikazipunguza kwa asilimia 30. Malalamiko ya kweli yana nguvu, na hayahitaji kumchafua mtu jina.

Katika Mathayo 18:15-17 Bwana Yesu anatupa utaratibu: anza na mhusika mkiwa wawili, asiposikia ongeza mashahidi, mwisho ndipo uliambie kanisa. Kwa huduma za simu tunaweza kuufuata hivi:

1. Rudi kwa wakala mwenyewe na uulize kwa heshima, ukiwa na namba ya muamala.
2. Ikishindikana, piga huduma kwa wateja ya kampuni husika.
3. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia huduma hiyo.

Na kabla ya kubonyeza "tuma", jiulize:

- Nimeona mwenyewe, au nimesikia tu?
- Nimempa mwenzangu nafasi ya kujieleza?
- Naweza kuyasema haya mbele yake?

Hata sifa ni ushahidi. Ukilipwa kusifia simu fulani, waambie watu kwamba umelipwa. Kuna mkulima atauza magunia yake ya mpunga kwa kuamini neno lako.

Zoezi la wiki hii: pitia ulichoandika karibuni kuhusu huduma au mfanyabiashara yeyote. Ukikuta jambo ambalo huna hakika nalo, lifute, kisha uwaambie waliolisoma.

Ee Bwana, ulinde ulimi wetu na vidole vyetu, ili jirani asiumie kwa maneno yetu. Amina.