Kiangazi Kimeingia: Kinga Boma Lako na Moto

Kuanzia Desemba hadi Machi, upande wetu wa Mlima Elgon hukauka kabisa. Mabua yamesimama mashambani Kwanza na Saboti, nyasi za Endebess zimekuwa kahawia, na juu kule Chepkitale vichaka vinangoja cheche moja tu. Cheche hiyo mara nyingi hutoka kwa mtu: anayesafisha shamba, anayerina asali, anayechoma makaa. Kwa hivyo kazi kubwa unaiweza wewe mwenyewe. Anza wiki hii.

Zunguka nyumba yako ukiwa na slasha. Mita kumi kutoka ukutani kusibaki nyasi ndefu, mabua wala rundo la takataka kavu. Kuni zilizoegemezwa kwenye ukuta wa jikoni, zihamishe.

Sasa chukua ngazi ukague paa. Nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazorushwa na upepo, moto wenyewe ukiwa bado mbali. Paa la mabati? Toa majani makavu kwenye gata, halafu ziba mianya iliyo chini ya paa kwa udongo. Jikoni kumeezekwa nyasi? Ngazi na mitungi ya maji vikae hapo hapo msimu wote, na watoto wajue si vya kuchezea.

Mikaratusi iliyo karibu na nyumba ni hatari, maana majani yake yana mafuta na huwaka kwa nguvu. Kama huwezi kuikata, pogoa matawi ya chini na uzoe majani kila wiki. Upande upepo unakotoka, panda migomba. Shina la mgomba limejaa maji, lakini majani yake makavu lazima uyatoe.

Tuje kwenye mabua, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea sana. Ushauri wangu ni mmoja: usichome. Ukichoma, naitrojeni inapanda na moshi, kisha Machi unarudi dukani kununua mbolea. Katakata mabua uwalishe ng'ombe. Huna ng'ombe? Jirani anaye, muuzie. Yanayobaki yatandaze shambani au yachanganye na samadi upate mboji. Kama mahindi yalipata ugonjwa na unafikiri dawa ni kiberiti, muulize kwanza afisa wa kilimo wa wadi yako.

Na kama ni lazima uchome, fuata utaratibu. Pata idhini kwa chifu, na ukipakana na msitu, kwa ofisi ya Huduma ya Misitu (KFS). Waarifu majirani siku moja kabla. Lima ukanda wa udongo mtupu kuzunguka shamba, upana wake usipungue mara tatu ya urefu wa nyasi zilizo kando. Kusanya mafungu madogo, uchome moja moja. Washa alfajiri upepo ukiwa umelala, kamwe si saa nane mchana. Pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa, ikioshwa vizuri na kujazwa maji, ni silaha nzuri sana. Usiondoke mpaka majivu yapoe.

Wakulima wa miwa wa Bungoma, ukanda huo huo unawahusu. Fyekeni kati ya shamba na shamba, na kando ya barabara. Miwa iliyoungua hupoteza uzito na sukari kila siku inayokaa shambani, kwa hivyo kiwanda kipigiwe simu siku ile ile.

Wewe unayerina asali, acha kijinga cha moto. Tumia smoka, na uizime kwa maji kabla ya kuondoka. Kuwasha moto msituni bila idhini ni kosa chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016.

Peke yako hutaweza. Kabla ya mwisho wa mwezi, kaeni kikao cha Nyumba Kumi mkubaliane: nani anapiga nduru, nani anawabeba wazee, nani anakwenda na jembe. Vijana wa bodaboda wapewe kazi ya kupeleka habari na kubeba mitungi ya maji. Kama unaishi karibu na msitu, jiunge na chama cha jamii cha misitu, kile tunachokiita CFA. Weka kwenye simu namba ya kituo cha KFS kilicho karibu, ya chifu, na zile za dharura, 999 na 112. Title deed, vitambulisho na vyeti vya watoto vitie kwenye mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango.

Moto ukifika, upime kwa macho. Ukiwa chini ya goti, unaweza kuupiga kwa matawi mabichi au gunia lililoloweshwa. Anzia nyuma, mahali palipokwisha kuungua, usogee ubavuni mwake. Usisimame mbele yake. Ukifika kifuani, achana nao, okoa watu. Vaa viatu vya ngozi na nguo za pamba. Nailoni huyeyukia mwilini.

Usikimbilie juu ya mlima. Moto hupanda mteremko kwa kasi kubwa kuliko miguu yako, kwa kuwa joto lake hukausha nyasi za juu kabla haujazifikia. Kata kando ushuke, uelekee shamba lililolimwa, mto au ardhi iliyokwisha kuungua. Ng'ombe wafungue kamba na lango libaki wazi. Watoto wenye pumu waondolewe mapema, moshi ungali mbali.

Aliyeungua, mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha mpeleke hospitali. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, majivu: hapana.

Moto ukizimika, visiki huendelea kuwaka chini kwa chini kwa siku kadhaa. Pitia kila kimoja, mwagia maji, chimbua mizizi. Na kama mteremko umebaki uchi, panga mabua na matawi yaukate kwa upana kabla ya mvua ya Machi kufika, la sivyo udongo wako utaishia mtoni Nzoia.