Kusoma na Wenzio au Kusoma Peke Yako: Lipi Lililo Bora?

Tumeulizwa na mzazi mmoja, baada ya sala ya Isha, suali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote. Mwanawe hutoka kila usiku kwenda kusoma na wenziwe barazani, hurejea saa nne, na alama zake za mtihani hazipandi. Jirani yake naye ana mtoto ajifungiaye chumbani na kitabu chake wala hasemi na mtu, na huyo pia yako mengi asiyoyafahamu. Akatuuliza: "Basi lipi lililo bora, mwanafunzi asome na wenziwe au asome peke yake?"

Jawabu yetu ni kuwa yote mawili ni ya lazima, lakini kila moja lina wakati wake. Mwenye kwenda kwa wenziwe kabla hajakaa na kitabu peke yake, huenda mikono mitupu. Na mwenye kukaa na kitabu asiende kwa mtu yeyote, huenda akahifadhi makosa akidhani kuwa amehifadhi ilimu.

Haya si mambo mapya. Wazee wetu wa pwani waliosoma darsa misikitini walikuwa na daraja tatu. Ya kwanza ni kutalii. Neno hili leo watu hulijua kwa matembezi ya wageni, lakini katika lugha ya wanafunzi wa darsa maana yake ni kukisoma kitabu kwa mazingatio. Usiku mwanafunzi hukaa na Safina yake au Ajrumia yake, akaupitia mlango wa kesho, akajua wapi amefahamu na wapi amekwama. Ya pili ni kusoma mbele ya sheikh, ambaye husikiliza, husahihisha na hufasiri. Ya tatu ni mudhakara: wanafunzi wawili watatu hukaa pembeni baada ya darsa, huyu akaeleza, yule akapinga, mpaka neno likawathubutukia wote. Angalieni mpango huo: upweke ndio mlango, na mkutano ndio ukumbi. Hapana aingiaye ukumbini asipite mlangoni.

Hata chuoni ni hivyo hivyo. Mpita njia asikiaye sauti za watoto hudhani wote wanasoma kitu kimoja. Sivyo. Kila mtoto yumo katika sura yake, na saa ya kusomeshwa huitwa mmoja mmoja mbele ya mwalimu. Sauti ni ya wote, lakini hesabu ni ya kila mtu nafsi yake.

Mtume wetu s.a.w. alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya kuteremshiwa wahyi. Na Qur'ani ilipokuwa imo kifuani mwake, Jibrili alikuwa akimjia kila Ramadhani wakadurusiana, na mwaka wa mwisho wa uhai wake wakadurusiana mara mbili. Ikiwa yeye alikuwa na wa kudurusiana naye, ni nani katika sisi asiyehitaji msikilizaji?

Imam Ghazali nasi tumtazame. Inasimuliwa kwamba katika ujana wake, alipokuwa akirejea Tus kutoka Jurjan, wanyang'anyi walimpora mzigo uliokuwamo maandiko ya darsa zake. Akawasihi wamrejeshee maandiko tu. Mkubwa wao akamcheka: ni ilimu gani hii ambayo mwivi akiichukua, mwenyewe hubaki hana kitu? Maneno hayo yakamchoma. Alipofika kwao akajitia katika kuhifadhi muda wa miaka mitatu, mpaka ikawa lau angeporwa tena asingepungukiwa na neno. Hiyo ni kazi ambayo hakuna rafiki awezaye kukufanyia.

Na upande wa pili yupo Imam Abu Hanifa katika mji wa Kufa. Yeye akiweka mas'ala mbele ya wanafunzi wake, kila mmoja akatoa alichonacho, wakajadiliana siku nyingi kabla ya kukata neno. Lakini waliokaa katika duara lile walikuwa watu kama Abu Yusuf, waliokuja na mzigo wao vifuani. Hawakuja kuchota tu, walikuja pia kutia.

Sasa tuseme juu ya baraza zetu. Vijana kumi hukaa chini ya taa moja. Mmoja hushika kitabu na kueleza, wawili humuuliza, na saba waliobaki hutikisa vichwa. Kila mmoja wa wale saba hurudi nyumbani ameridhika, kwani maneno aliyoyasikia yalikuwa mepesi masikioni. Lakini wepesi ule ni wa yule aliyeeleza, si wake yeye. Wahenga wamesema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na ufukara huu hauonekani mpaka siku ya mtihani, ambapo kila mtu huketi na meza yake.

Wala hatuwalaumu vijana, kwani sisi wenyewe tumepita njia hiyo. Katika ujana wetu tulikuwa sita katika darsa moja, na mwenzetu mmoja alikuwa na fahamu kali. Kila usiku yeye alieleza nasi tukasema naam. Siku moja akashikwa na homa asije. Sheikh wetu akatutaka tusome mistari ya jana, na katika watano tuliobaki hakuna aliyeweza kuitia irabu sawasawa. Akakifunga kitabu, akasema: "Nyinyi hamkusoma. Mmemsikiliza mwenzenu akisoma." Mpaka leo twaiona haya ya siku ile.

Tabia hii ya kumwachia mwingine kazi imepimwa na wataalamu. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, aliyetoa matokeo yake mwaka 1913, aliwavutisha watu kamba, akaona kila wanavyozidi wengi ndivyo kila mmoja anavyotoa nguvu chache. Watu wakadhani sababu ni kutopatana tu katika kuvuta. Mwaka 1974 huko Marekani wakajaribu tena: mtu akafungwa macho, akaambiwa kuwa nyuma yake wako wenziwe wanavuta pamoja naye, ilhali hapakuwa na anayevuta illa yeye. Naye akapunguza nguvu! Basi ikiwa kamba ni hivyo, kitabu je?

Lakini mkutano wenye mpango una faida kubwa. Mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Eric Mazur, alianza mwaka 1991 kuwauliza wanafunzi suali katikati ya somo. Kwanza kila mmoja hufikiri kimya na kutoa jawabu yake, kisha humgeukia jirani yake wakahojiana, kisha hujibu tena. Na jawabu za mara ya pili huwa bora. Je, huu si mpango ule ule wa kutalii na mudhakara?

Limebaki neno moja, nalo ndilo litutialo uchungu. Watoto wetu wa kiume wana mkutano bila ya upweke. Mabinti zetu wengi wana upweke bila ya mkutano. Binti hukaa na kitabu baada ya kuosha vyombo, akikwama hana wa kumuuliza, kwa kuwa baraza si yake na darsa ya jioni hakutengewa nafasi. Kisha twasema wasichana hawafahamu hesabu! Mzazi na amtafutie binti yake mwenzi mmoja wa kusoma naye, jirani au binamu. Na mama asiyejua kusoma asidhani kuwa hana msaada. Na amwambie mwanawe: "Kifunge kitabu, nieleze ulichosoma." Mtoto akisitasita, yeye mwenyewe atajua wapi pa kurudi.

Nasi katika duara letu tumeanza kujirekebisha. Hakaribishwi kusema usiku wa darsa ila aliyekwisha kutalii nyumbani, na anayefungua mazungumzo ni yule aliye dhaifu, si yule hodari. Hodari husubiri, naye hufaidika kwa kusahihisha.

Basi tumjibu mzazi wetu hivi: usimkataze mwanao kwenda barazani. Muulize, kabla hajavaa viatu, amebeba nini cha kuwapelekea wenziwe. Ikiwa hana kitu, na akae kwanza.

Wabillahi tawfiq.