Kosa Lenye Kanuni: Shughuli za Darasani na Mafanikio ya Kiswahili katika Madarasa ya Juu ya Msingi, Meru na Embu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Gredi ya 5 katika Kaunti ya Meru au ya Embu anaposema "gitabu" badala ya "kitabu", mara nyingi darasa hucheka na mwalimu humsahihisha haraka, kisha kipindi kikaendelea. Kicheko hicho kina gharama. Mtoto aliyechekwa leo hatainua mkono kesho, na ukimya wake huweza kuchukuliwa kuwa ni uvivu au ujinga. Makala haya yanachunguza namna shughuli za darasani zinavyoweza kuyageuza makosa ya aina hii kuwa nyenzo za kufundishia, na pia yanajadili ni kitu gani hasa kinachostahili kuitwa mafanikio katika madarasa hayo.

Chimbuko la kosa

Kimeru, Kiembu na Kimbeere ni lugha za Kibantu kama Kiswahili, na kwa sababu hiyo mwanafunzi huingia darasani akiwa tayari anajua ngeli na upatanisho wa kisarufi. Hata hivyo, ujamaa huo wa lugha una mitego yake. Kiswahili kina irabu tano, ilhali lugha hizo zina saba. Aidha, zinafuata Kanuni ya Dahl. Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani, aliibainisha kanuni hiyo katika Kinyamwezi, na mwanaisimu Carl Meinhof akaipa jina lake mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, sauti sighuna k ya kiambishi hugeuka kuwa ghuna, yaani g, pale silabi inayofuata inapoanza kwa sauti sighuna kama t au k.

Hivyo basi, "gitabu" na "gutoka" hazitokani na ulegevu wa ulimi. Mtoto huyo huyo hutamka "kulima" na "kibanda" bila taabu, kwa kuwa l na b ni ghuna na hazichochei badiliko lolote. Mtoto anayekosea kwa mpangilio namna hii anafuata sheria, ila sheria yenyewe ni ya lugha nyingine.

Shughuli ya kwanza: ramani ya nyumbani

Kanuni hiyo haina haja ya kutajwa kwa jina mbele ya watoto wa miaka kumi au kumi na mmoja. Ushahidi wake umeandikwa kwenye vibao vya barabarani. Mwalimu huwaomba wanafunzi wataje majina ya mahali wanapopajua, kisha huyaandika ubaoni katika safu mbili. Safu ya kwanza huwa na Gatimbi, Gitimbine na Gakoromone za Meru, pamoja na Gikuuri, Gaturi na Gategi za Embu. Safu ya pili huwa na Kianjai na Kibirichia za Meru, pamoja na Kiritiri, Karurumo na Kanyuambora za Embu. Baada ya hapo wanafunzi huulizwa: ni sauti gani inayofuata Ga- na Gi-? Ni ipi inayofuata Ka- na Ki-?

Katika vikundi vya watu wanne au watano, wanafunzi huweza kugundua wenyewe kwamba t na k ndizo zinazoita g. Hatua inayofuata ni kulinganisha na Kiswahili: kiti, kitanda, kikapu, kutembea. Hapa k hubaki k. Kutokana na ulinganishi huo mtoto huona kwamba lugha ya nyumbani haina kasoro, na kwamba Kiswahili kina utaratibu wake.

Mwalimu ajiandae pia kwa swali gumu. Majina yenye th hayafuati mkondo mmoja: huko Meru kuna Githongo na kuna Kithirune. Mwanafunzi atakayeligundua hilo apongezwe, wala asinyamazishwe, kwa maana ameanza kutazama lugha kwa jicho la mtafiti.

Shughuli ya pili: jozi zinazobadili maana

Shughuli ya pili huonyesha kwa nini tofauti ya sauti ina uzito. Mwanafunzi mmoja husoma neno kwenye kadi, na mwenzake huinua picha inayolingana nalo. Jozi "koti" na "goti" yatosha kuanzia. Aliyesikia "goti" huinua picha ya mguu hata kama msomaji alikusudia vazi, na msomaji hujisahihisha mwenyewe kabla mwalimu hajasema neno.

Jozi "ndege" na "dege" ina manufaa zaidi. Katika lugha hizi za nyumbani, d kwa kawaida huandamana na n, ndiyo maana "dawa" husikika kama "ndawa" na "dada" kama "ndanda". Katika Kiswahili, kudondoshwa kwa n hiyo ni sarufi: "dege" ni ukubwa wa "ndege". Kwa hiyo somo la matamshi na somo la ukubwa na udogo wa nomino huweza kufundishwa katika kipindi kimoja cha dakika 35, kila moja likilitegemeza lingine.

Mafanikio ni nini?

Mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, ulipima Kiswahili kwa maswali ya kuchagua na kwa insha. Haukuwa na sehemu ya kuzungumza. Mtoto aliweza kupata alama za juu bila mtahini yeyote kuisikia sauti yake. Mtaala wa umilisi umeweka kusikiliza na kuzungumza sambamba na kusoma, kuandika na sarufi, na tathmini za shuleni humpa mwalimu nafasi ya kuandika kama mwanafunzi anazidisha, anafikia au anakaribia matarajio. Lakini tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, iliyoanza 2022, imeendelea kutumia maswali ya kuchagua. Kwa sababu hiyo mazungumzo bado yamo katika hatari ya kusukumwa pembeni kadiri mtihani unavyokaribia.

Inafaa basi mwalimu aweke daftari la maendeleo lenye mambo yanayosikika: mwanafunzi amejisahihisha mara ngapi bila kuelekezwa, ameuliza swali kwa Kiswahili, amesimulia kisa hadi mwisho. Kwa mtoto aliyekuwa kimya muhula mzima, kusimulia safari ya kwenda sokoni Gakoromone, hata akiteleza katika maneno mawili, ni hatua kubwa kuliko alama kamili katika zoezi la kujaza mapengo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba makosa mengi ya matamshi katika Meru na Embu yana kanuni, na kwamba chenye kanuni hufundishika. Vyuo vya ualimu vya eneo hilo, vikiwemo Meru, Egoji na Kigari, vingefanya vyema kuwapa walimu wanafunzi msingi wa fonolojia ya lugha za wenyeji pamoja na ile ya Kiswahili. Wanafunzi wa Kiswahili vyuoni nao wana kazi ya kukusanya jozi na majina zaidi kutoka vijijini mwao. Mwalimu anayejua "gitabu" imetoka wapi hatakuwa na sababu ya kuliacha darasa licheke.