ZAMANI NI YA MWAKA GANI?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Somo la leo linatokana na kosa langu mimi mwenyewe. Ijumaa moja, baada ya swala, nilisimama nikatangaza: "Wenyeji wa zamani wabaki kidogo, tuna mazungumzo." Tulikuwa tunatafuta mpaka wa parsele ya msikiti, ambao ulifunikwa na mawe ya volkano, na mimi nilitaka watu wenye kumbukumbu. Wakabaki watu tisa. Wengine wakachukua viatu vyao wakatoka. Mmoja wa waliotoka, mzee ambaye amesali nasi zaidi ya miaka thelathini, alinisubiri mlangoni. Akaniambia kwa adabu: "Shehe, naomba kuuliza. Zamani ni ya mwaka gani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitaangalia vitabu, naye akaniaga akaenda zake.

Neno zamani tumelipata kwa Waarabu. Kwao ni wakati tu: wa jana, wa leo, hata wa kesho. Halina uzee ndani yake. Sisi tulilichukua tukalirudisha nyuma, likawa wakati uliopita, na hata huko nyuma halitulii. Mama akimwambia mtoto "nimekutuma zamani", anasema juu ya asubuhi ya leo. "Zamani za Mobutu" ni juzi kwa watu wa umri wangu, na ni hadithi kwa vijana wetu. Bwana wake wa zamani si lazima awe mzee, ni yule waliyeachana. Redio ya zamani ni kuukuu, haina bei. Lakini dawa ya zamani watu wanaisifu. Ndugu yake, neno kale, limekwenda mbali zaidi: ukisema "hapo kale", hakuna aliyekuwako wa kukubisha. Ndiyo maana wasimulizi wanalipenda.

Alikuwako padri wa Kenya, John Mbiti, aliyeandika kitabu mwaka 1969 akagawa wakati wa Waafrika kwa maneno yetu mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Alisema marehemu angali yumo katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina lake. Wakiisha hao, ndipo anazama katika Zamani. Simfuati katika itikadi yake, lakini hapo alinipiga. Kwa sababu baba wa yule mzee alifia hapa Goma, na mimi ndiye niliyemsalia jeneza. Jina lake ninalo.

Lakini katika Kivu yetu "mwenyeji wa zamani" si maneno ya wasimulizi. Serikali yenyewe imelijibu swali la yule mzee mara nyingi, na kila mara jibu jingine. Katiba ya mwaka 1964, ile ya Luluabourg, ilisema Mkongomani ni mwenye mzazi au babu wa kabila lililokuwa limekaa nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 ikawakubali waliotoka Ruanda-Urundi wakakaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaifuta hiyo, ikarudi nyuma mpaka tarehe 1 Agosti 1885. Kisha sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ikaangalia makabila yaliyokuwa ndani ya nchi wakati wa uhuru, mwaka 1960. Hesabuni basi. Mtu aliyefika Masisi kutoka ng'ambo mwaka 1940 na asitoke tena shambani kwake, kwa sheria ya 1964 alikuwa mgeni, kwa ile ya 1972 akawa mwenyeji, kwa ile ya 1981 akawa mgeni tena, na jembe lake lilikuwa lile lile.

Na huo mwaka 1885! Mzungu wa kwanza kuipanda Nyiragongo na kuliona ziwa letu, Mjerumani von Götzen, alifika mwaka 1894. Mpaka unaotutenga na Gisenyi ulipatanwa Brussels mwaka 1910. Mwaka 1885 waliokuwa wanachora ramani ya Kongo hawakuujua hata mlima huu, na tarehe yao ndiyo iliyofanywa mlango wa zamani yetu. Mwaka 1993 damu ilimwagika Walikale na Masisi, na neno lililokuwa vinywani ni hilo hilo: nani mwenyeji, nani mgeni. Mimi mwanafunzi wa chuo cha Kurani nililitamka msikitini bila kufikiri.

Sasa tuje kwenye elimu yetu. Wengi wetu tulikariri sifa ishirini tukiwa watoto, na ya pili yake ni Kidamu, yaani Mwenyezi Mungu hana mwanzo. Huo ndio ukale wa kweli, na hakuna kiumbe mwenye fungu ndani yake. Lakini tazameni neno hilo la kadimu linavyotumika ndani ya Kurani. Limekuja mara tatu. Katika Sura Yasin, aya ya 39, ni mwezi unaporudi mwembamba kama shina kongwe la kole la mtende. (Mtende hatuna hapa, chukueni shina la mkungu wa ndizi lililokauka likapinda.) Katika Sura Yusuf, aya ya 95, watu wa nyumba ya Nabii Yaakub wanamlaumu kwamba yumo katika upotevu wake wa zamani, kwa kuwa hakuacha kumngoja mwanawe. Katika Sura Al-Ahqaf, aya ya 11, makafiri wanaiita Kurani uzushi wa zamani. Na Nabii Ibrahim, katika Sura Ash-Shuaraa, anapotaja wazee wa kale wa watu wake, anasema juu ya masanamu waliyoabudu. Pote hapo, kuwa wa zamani peke yake hakumpi mtu sifa.

Liko neno jingine, na hapa ndipo nilipokaa usiku mzima. Al-Kaaba inaitwa katika Sura Al-Hajj, aya ya 29 na ya 33, Nyumba iliyo Atiki. Wafasiri wamelitolea neno hili maana zaidi ya moja. Ni ya kale, kwa kuwa ndiyo nyumba ya kwanza waliyowekewa watu. Ni tukufu. Na ni huru, iliyookolewa na mikono ya majabari wasiweze kuimiliki. Kwa Kiarabu kumwacha mtumwa huru ni itki, na Sayyidna Abubakar (r.a.) aliitwa Atiki. Neno moja linabeba ukale na uhuru pamoja.

Basi rudini nyuma kidogo katika sura ile ile, aya ya 25. Inasema, kwa maana yake, kwamba Msikiti Mtukufu umewekwa kwa watu wote, aliye mkazi wa pale na aliyetoka nje wakiwa sawa. Sitaki mtu aichukue aya hii akavunje ua wa jirani. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu tunamfuata, aliona majumba ya Makka yana wenyewe na yanauzwa. Usawa alioufahamu ni katika msikiti na ibada. Mwenye karatasi ya parsele yake ana haki yake. Lakini ndani ya msikiti, nyumba kongwe kuliko zote duniani haimpi mkazi wake wa zamani hata shibiri moja zaidi ya mgeni. Makureshi walijaribu. Wakati wa hija hawakusimama Arafa pamoja na watu, walibaki Muzdalifa wakisema wao ni wenyewe wa Haramu. Ikateremka aya ya 199 ya Sura Al-Baqara kuwaamuru waondoke pale wanapoondoka watu wengine.

Na sisi je? Babu yangu alitoka Kasongo. Waislamu wa Maniema waliitwa Wangwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Mngwana ni mtu huru, mwenye heshima. Lakini wengi katika hao wa mwanzo walichukuliwa wakiwa watoto katika misafara ya kina Tippu Tip, wakalelewa, wakasilimu, wakavaa kanzu, wakajiita waungwana. Ukiutafuta ukale wa ukoo wangu kwa bidii, nachelea utaufikia kwenye kamba. Na Goma mimi ni mtu wa kuja.

Ijumaa iliyofuata nilisimama tena. Niliomba msamaha mbele ya watu, kwa kuwa kosa lilitendeka mbele ya watu. Kisha nikatangaza: "Aliyepata kusali hapa kabla ya tarehe 17 Januari 2002 abaki." Volkano ile ilishuka siku ya Alhamisi, na Ijumaa yake wengi wetu tulikuwa tumekimbilia Gisenyi, tarehe hiyo hakuna asiyeijua. Safari hii wakabaki watu thelathini na wawili, na yule mzee akiwamo.

Wale tisa wa kwanza walikuwa wamebishana saa nzima juu ya pembe ya kaskazini. Mzee alisikiliza, akatoka nje, akasimama juu ya mawe meusi, akauliza mlango wa zamani wa msikiti ulikuwa wapi. Tukamwonyesha. Akahesabu hatua kumi na nne. "Hapa chini," akasema, "ulikuwa mti wa avoka. Nilikuwa ninaegemeza baiskeli yangu. Mpaka ulipita nyuma yake." Wawili katika wale tisa wakakumbuka mti, na kamba ya kupimia ikaanzia pale.

Wabillahi tawfiki.