Binti yangu anataka farasi, pesa zake ni za punda: nimshauri vipi?

SWALI

Shangazi, binti yangu ana miaka 15, yuko Gredi ya 9, na tangu utotoni anapenda farasi kupita kiasi. Shemeji yangu ni saisi huko Nairobi, na ndiye anayemchochea kwa picha anazomtumia. Msichana ameuza kuku na maparachichi, nyanyake akamwongezea kidogo, na sasa ana Sh24,000 mkononi.

Shemeji anasema kuna farasi aliyestaafu mbio anayetolewa karibu bure, sisi tugharamie lori tu. Mume wangu anasema kama lazima mnyama anunuliwe, Keroka kuna mtu anauza punda dume wa mwaka mmoja na nusu kwa Sh9,000, "wakue pamoja." Kisha kuna mzee jirani yetu anayeuza punda jike aliyezoea kubeba maji kwa Sh17,000. Wengine wanasema huyo amezeeka, na tena msichana na punda wapi na wapi.

Shamba letu ni robo tatu ya ekari, lina chai, migomba na ng'ombe mmoja. Sitaki kumvunja mtoto moyo, na sitaki pesa zake zipotee. Nifanye nini?

Mama wa binti, Rigoma, Nyamira

JIBU

Mama, kwanza mpongeze binti yako. Mtoto wa miaka 15 aliyeweka akiba kwa kuuza kuku, na asiitumie kwa simu wala nguo, anastahili kujibiwa kama mtu mzima. Kwa hivyo jibu langu ni hili: mwacheni farasi alipo, mwacheni punda mchanga sokoni, na mwende kwa huyo mzee jirani mkamkague punda wake jike kwa makini. Akifaulu ukaguzi, mnunueni.

Nianze na farasi, kwa sababu ndiye aliye moyoni mwa mtoto. Mbio za farasi nchini huendeshwa na Jockey Club of Kenya katika uwanja wa Ngong, Nairobi. Farasi wa mbio huanza kushindana akiwa na miaka 2 au 3, na wengi hustaafu wakiwa bado vijana wenye nguvu tele. Ndiyo maana hupatikana kwa bei ndogo. Lakini mnyama huyo amezaliwa na kulelewa akimbie. Akishtuka hutoroka kwanza, hufikiri baadaye. Anahitaji mpandaji aliyekwisha kujifunza, na binti yako hajawahi kukalia tandiko.

Halafu kuna tumbo lake. Farasi wa kilo 450 au 500 hula nyasi kavu kilo 8 hadi 10 kila siku, mbali na nafaka. Robo tatu ya ekari yenye chai, migomba na ng'ombe haiwezi kumlisha hata msimu mmoja. Kwato zake zinataka fundi kila baada ya wiki sita hadi nane, na mafundi hao wako kule farasi waliko, yaani Nairobi na Bonde la Ufa. Na kuna ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaopenda maeneo yenye unyevu. Farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi hufa. Gusii hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, na visubi hawakosi. Punda anaweza kuambukizwa ugonjwa huo huo, lakini kwa kawaida humpita bila madhara makubwa. Anayewapa farasi huyo karibu bure anawapa pia bili ambayo haitaisha.

Sasa punda mchanga. Maneno "wakue pamoja" yanapendeza masikioni, lakini wanafunzi wawili wasio na mwalimu hufundishana makosa. Punda wa mwaka mmoja na nusu mifupa yake haijakomaa. Hapaswi kubeba mzigo wowote wa maana kabla ya kutimiza miaka mitatu hadi minne. Mtamlisha kwa miaka miwili bila kazi, na ninyi mnajua vizuri kwamba mnyama anayekula bure katika boma lenye shida hutwikwa mzigo mapema. Hapo mgongo hupinda, na punda huwa kilema maisha yake yote. Tena ni dume. Akifika miaka miwili ataanza kufukuza majike, kuuma na kupigana na kamba. Mtu mzima aliyezoea humudu dume. Msichana anayeanza asipewe.

Punda wa kwanza wa kijana inafaa awe anajua kazi kuliko kijana mwenyewe. Awe ameshapita barabarani huku bodaboda zikipiga honi, awe amesimama mtoni ndoo zikigongana, awe amefungwa na kufunguliwa na watoto. Utulivu huo haununuliwi dukani. Huletwa na miaka, na ndiyo sababu huyo jike wa jirani ana thamani zaidi ya bei yake.

Wanaosema amezeeka, waulizeni wamehesabu vipi. Punda anayetunzwa huishi miaka 25, 30, hata zaidi. Mfungueni midomo muangalie meno ya mbele. Punda hubadilisha meno ya utoto jozi kwa jozi kuanzia kama miaka miwili na nusu, na kufikia miaka mitano huwa na meno yote ya ukubwani. Baada ya hapo, daktari wa mifugo anaweza kukadiria umri kwa jinsi meno yalivyolika na kuinama. Jike wa miaka minane hadi kumi na tano yuko katika umri wake bora kwa kazi na kwa kumfunza mtoto.

Ukaguzi wenyewe fanyeni hivi. Nendeni asubuhi, kabla hajabebeshwa chochote, maana punda aliyechoka huonekana mpole hata kama si mpole. Mwacheni binti amkaribie kwa upande wa bega, si kwa nyuma. Apitishe kiganja kutoka shingoni, juu ya mabega, hadi mwisho wa mgongo, akibonyeza taratibu. Mahali punda anapofinya ngozi au kugeuza kichwa ghafla ndipo penye maumivu. Atafute nywele nyeupe zilizoota kwenye makovu ya tandiko. Kovu lililopona halina neno, ila kidonda kibichi kinamaanisha wiki kadhaa bila kazi na bei ishuke. Kisha ainue miguu yote minne, mmoja baada ya mwingine. Achokonoe udongo kwenye kwato kwa kijiti na anuse. Kwato ikitoa harufu ya uvundo, inaoza. Mwisho mtwikeni mitungi miwili ya maji, mumtembeze mteremkoni na kumrudisha, mkiangalia kama anachechemea.

Muulizeni mzee kama ana mimba. Punda hubeba mimba kwa karibu miezi 12, na wauzaji wengine hulitaja hilo kama bahati. Kwenu inamaanisha kazi nyepesi miezi ya mwisho, na mtoto wa kunyonyesha baadaye. Ni vyema mjue kabla ya kulipa.

Nasikia watu wakisema shukrani ya punda ni mateke. Mara nyingi teke hilo linatoka kwenye kidonda kilichofichwa na gunia. Punda akiogopa husimama tisti, tofauti na farasi anayekimbia, na wengi huita hofu hiyo ukaidi na kushika fimbo. Mfunze binti yako atafute sababu kwanza: kamba inakata, jiwe limeingia kwatoni, au mzigo umezidi. Punda wa kawaida huku kwetu ana uzito wa kilo 120 hadi 160. Mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40, na hiyo inamtosha mgongoni. Mitungi minne ni kilo 80, na huo ni ukatili, hata kama mnaona kila mtu akifanya. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamlinda punda sawa na ng'ombe. Na binti akitaka kumpanda, anaweza, mradi asizidi kilo 50, aketi juu ya tandiko laini, na siku hiyo punda asibebe kitu kingine.

Mahali ambapo watu wa Gusii huteleza ni kwenye mvua. Asili ya punda ni nchi kavu. Manyoya yake hayazuii maji kama ya ng'ombe, na akilala kwenye tope usiku kucha hupata kikohozi, vidonda vya ngozi na kwato laini zinazooza. Kabla hajafika nyumbani, kijengwe kibanda chenye paa la mabati na sakafu iliyoinuka. Chakula chake ni rahisi: mabua makavu ya mahindi, nyasi kavu, na nepia kidogo. Msimjaze pumba na mahindi, maana chakula kizito humwumiza miguu, na msimpe kabisa mahindi yenye ukungu. Apate maji safi kila siku. Punda pia huteseka akiwa peke yake, kwa hiyo mpangie akutane na punda wengine wa kijijini, na usiku alale karibu na ng'ombe wenu.

Tuje kwenye pesa. Sh24,000 zisiishe zote siku moja. Jaribuni kumpunguza mzee kidogo, lakini msimdhulumu. Mkilipa Sh17,000, zinabaki Sh7,000, na kazi zake nitazitaja kwa mpangilio. Ya kwanza ni daktari wa mifugo: dawa ya minyoo, chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa. Pepopunda huua punda kwa kidonda kidogo cha msumari. Ya pili ni mabati machache ya paa. Ya tatu ni hatamu ya kamba laini ya pamba na tandiko lililojazwa nyasi, vitu ambavyo binti anaweza kushona mwenyewe. Kinachobaki kiwekwe kando kwa siku ya ugonjwa, na kisiguswe kwa sukari wala ada.

Kuhusu karatasi, mama, msinunue kwa kupeana mkono tu. Andikeni hati ya mauziano yenye rangi, alama na umri wa punda, mashahidi wawili watie sahihi, na naibu wa chifu ajue. Mkinunua nje ya eneo lenu, hasa wanyama wanaoletwa kutoka upande wa Kilgoris, ombeni kibali cha kusafirisha mifugo. Nalisisitiza hili kwa sababu ya yaliyotokea. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, Mogotio, Naivasha, Lodwar na Machakos, ngozi zikipelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Wizi ukatapakaa, na watu wakaamka asubuhi wakakuta vichwa na kwato porini. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kuusitisha barani kote. Uchinjaji wa magendo bado upo. Punda wenu alale ndani, mlango ufungwe, na msikubali kununua punda ambaye mwuzaji hawezi kueleza alimtoa wapi.

Hayo "msichana na punda wapi na wapi" yasikusumbue. Wanaobeba maji Gusii ni wanawake na wasichana, kwa migongo na vichwa vyao. Sioni aibu iliyo katika kumpa msichana mnyama wa kumpunguzia mzigo huo. Aibu ingekuwa kumwacha aendelee kupinda shingo huku wavulana wakiendesha punda.

Ila mkubaliane mapema na baba yake juu ya mambo mawili. La kwanza, punda ni wa binti. Hauzwi wala hakodishwi bila yeye kukubali, na pesa atakazopata kwa kubebea majirani maji zinaandikwa kwenye daftari lake. Nimepokea barua nyingi za vijana ambao kuku wao waligeuka kuwa wa familia siku ya kuuzwa. La pili, kazi ya kubeba ni ya Jumamosi na likizo. Siku za shule punda atabeba maji ya nyumbani pekee, kisha msichana ashike vitabu.

Na ndoto ya farasi usiizime. Mwombe shemeji yako amkaribishe likizo ya Agosti, msichana amwone baba yake mdogo akisugua farasi alfajiri, akichota samadi, akikagua kwato. Atakuwa na maswali mazuri zaidi kwa sababu tayari anamtunza punda. Kuna kazi za heshima huko, kutoka usaisi hadi udaktari wa mifugo, na zinataka mtu aliyezoea mnyama tangu akiwa kijana.

Nenda kwa mzee jirani Jumamosi hii, umchukue binti na baba yake pamoja. Mwacheni msichana afanye ukaguzi mwenyewe, ninyi mkiangalia. Punda akiwa na kidonda au kwato zinazooza, ondokeni bila haya na mngoje mwingine, maana pesa iliyo mkononi haiozi. Akiwa mzima, mpe binti nafasi ahesabu pesa zake na kumlipa mzee kwa mkono wake.