Mkadiriaji wa Hasara Anapobisha Hodi: Sheria Inayoamua Madai ya Bima ya Mali

Mwezi wa Novemba 2023, na tena Aprili 2024, Mto Tana ulivunja kingo na kuikata barabara ya Garissa kwenda Madogo pale Kona Punda. Maji yalipopungua, kila mwenye duka, ghala au nyumba karibu na mto alirudi kutazama kilichobaki. Wachache waliokuwa na bima walikuwa na kazi ya ziada: kumsubiri mkadiriaji wa hasara.

Mkadiriaji ni mtaalamu mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Hulipwa na kampuni ya bima, lakini kazi yake ni kueleza kwa haki kilichotokea na thamani ya kilichopotea. Yeye huandika ripoti. Kampuni ndiyo huamua kulipa au kukataa. Mwananchi ana haki ya kuomba kuona leseni yake kabla ya kumfungulia mlango. Na akiyajua mapema maswali ambayo sheria inamtaka mtaalamu huyu aulize, hatashtuka yakija.

Swali la kwanza ni kama janga lenyewe limo katika mkataba. Hapa ndipo wengi huumia. Bima ya kawaida ya moto si bima ya mafuriko. Mafuriko, dhoruba na ghasia huongezwa kwa maandishi, na mara nyingi kwa ada ya ziada. Hasara ya ugaidi nayo kwa kawaida huondolewa katika mkataba wa kawaida na kukatiwa bima yake peke yake, jambo ambalo mfanyabiashara wa Kaskazini Mashariki hapaswi kuligundua siku ya hasara.

Mzigo wa ushahidi umegawanywa. Mwenye bima huthibitisha kwamba hasara imetokea na kwamba iko ndani ya kinga aliyonunua. Kampuni ikisema kuna kifungu kinachoiondolea wajibu, ni kampuni inayopaswa kuthibitisha kwamba kifungu hicho kinahusika. Na maneno ya mkataba yakiwa na maana mbili, mahakama huyasoma dhidi ya aliyeyaandika, yaani kampuni.

Mambo huwa magumu pale visababishi vinapofuatana. Tuseme maji ya mto yameingia dukani, yakafika kwenye nyaya za umeme, cheche zikaruka na bidhaa zikaungua. Je, hasara hiyo ni ya mafuriko au ya moto? Sheria haitafuti kisababishi cha mwisho kwa saa. Inatafuta kile chenye nguvu zaidi. Kanuni hii ilitiliwa mkazo na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1918, katika kesi ya meli iitwayo Ikaria. Meli hiyo ilipigwa kombora na nyambizi ya Ujerumani mwaka 1915, ikavutwa hadi bandari ya Le Havre, Ufaransa, na hatimaye ikazama humo bandarini. Wenye meli walidai kwamba bahari ndiyo iliyoizamisha, kwa kuwa bima yao haikuhusu vita. Majaji walisema kombora ndilo lililoizamisha, na wenye meli hawakulipwa. Uamuzi wa namna hiyo haumfungi jaji wa Kenya, lakini mahakama zetu huupa uzito, kwa sababu sehemu kubwa ya sheria yetu ya mikataba ina asili yake huko. Kwa hiyo katika duka lile, mkadiriaji makini atataka kujua maji yalifika saa ngapi, umeme ulikatika lini, na mkataba unasema nini hasa kuhusu moto uliotokana na mafuriko.

Swali jingine ni uhusiano wa mdai na mali. Sheria haimlipi mtu kwa mali ambayo kuharibika kwake hakumpotezei kitu. Lakini hati miliki siyo ushahidi pekee. Garissa kuna majengo mengi yanayoshikiliwa kwa barua za ugavi wa ploti au kwa makubaliano ya kupanga. Mpangaji anaweza kukatia bima bidhaa zake na gharama alizotumia kutengeneza chumba. Anayehifadhi mali ya wengine ghalani, na benki iliyokopesha, nao wana maslahi yanayotambulika. Kosa la kawaida ni kukata bima kwa jina la mtu mmoja ilhali biashara ni ya kampuni iliyosajiliwa. Machoni pa sheria hao ni watu wawili.

Kisha kuna ukweli wa fomu. Mkataba wa bima hudai uaminifu wa hali ya juu: mteja anapaswa kueleza kila jambo zito linaloweza kuifanya kampuni ikatae au ipandishe ada, hata kama halikuulizwa waziwazi. Kwamba duka liliwahi kuingia maji ni jambo zito. Kwamba nyuma ya duka kuna mapipa ya petroli ni jambo zito. Wakala akijaza fomu kwa haraka na mteja akaitia sahihi bila kusoma, sahihi hiyo ni ya mteja. Asiyesoma lugha ya fomu na amtafute mtu wa kumsomea.

Kiasi cha malipo nacho kina kanuni yake: bima humrudisha mtu alipokuwa, haimtajirishi. Huko Uingereza, Preston alikuwa amekubali kuuza nyumba yake ya Liverpool ilipoungua. Kampuni ilimlipa pauni 330, kisha mnunuzi akamlipa bei yote. Mwaka 1883 mahakama iliamuru pesa za bima zirudishwe.

Upande wa pili wa kanuni hiyo huwauma wafanyabiashara zaidi. Mwenye bidhaa za shilingi milioni 2 aliyekata bima ya milioni 1 ili kupunguza ada amebeba nusu ya hatari mwenyewe. Akipata hasara ya 600,000, mkataba wenye kifungu cha uwiano utamlipa 300,000. Maduka hujaa kuliko kawaida kabla ya Ramadhani na Idd, na kiwango cha bima hubaki kile cha Januari.

Ushahidi ndio unaobeba yote hayo: risiti, daftari la mauzo, picha za siku ya tukio. Kampuni ipewe taarifa ndani ya muda ulioandikwa katika mkataba, hata kama hesabu kamili haijapatikana. Sukari na unga ulioloa visitupwe kabla ya kukaguliwa. Ikiwa ni hatari kwa afya, vipigwe picha, vihesabiwe, na barua ya afisa wa afya ya umma ipatikane kwanza. Wakati huohuo mwenye mali anatakiwa kuokoa kinachookoleka. Hasara iliyoongezeka kwa uzembe inaweza kupunguzwa kwenye malipo.

Wafugaji wanaojua bima ya mifugo ya ukame wataona tofauti. Bima hiyo, iliyoanza Marsabit mwaka 2010 na kuletwa Wajir mwaka 2013 kwa mfumo wa takaful, hupima kwa setilaiti ukijani wa malisho ya eneo zima. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Malisho yakishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, malipo hutoka hata kwa ambaye ng'ombe wake wote wako hai; yasiposhuka, aliyepoteza kundi halipwi. Anayezoea bima hiyo asitarajie bima ya duka ifanye kazi vivyo hivyo.

Dai likikataliwa, mwenye bima aombe sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu kilichotumika. Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamiko IRA bila malipo, akiambatisha mkataba, fomu ya dai na barua ya kukataliwa. Njia ya mahakama hubaki wazi, ila mkataba usomwe kwanza, kwani mingi ina kifungu cha usuluhishi kinachotangulia kesi.